Henry Moseley na Hesabu ya Elementi

Katika shughuli za kila siku vitu hujulikana kiasi chake kwa njia mbili: kwa kupimwa na kwa kuhesabiwa. Mchele, sukari na karafuu hupimwa kwa mizani; ng'ombe, nazi na watu huhesabiwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja wanakemia waliamini kwamba elementi, yaani vitu vya asili ambavyo haviwezi kugawanywa kwa njia ya kemia kuwa vitu vingine vilivyo sahili zaidi, ni vitu vya kupimwa. Aliyethibitisha kwamba elementi ni za kuhesabiwa alikuwa kijana wa Kiingereza, jina lake Henry Moseley. Kazi hiyo aliifanya katika muda usiotimia mwaka mmoja, kati ya 1913 na 1914. Mwaka wa 1915 aliuawa vitani, umri wake ukiwa miaka 27. Habari za kazi yake na habari za kifo chake zimeandikwa pamoja tangu siku zile, wala si rahisi kuzitenga, maana kila moja yauliza swali juu ya nyingine.

Asili ya imani katika mizani ilikuwa John Dalton, mwalimu wa mji wa Manchester. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1808 Dalton alieleza kwamba kila elementi ina atomi zake, na kwamba atomi za elementi moja hutofautiana na za elementi nyingine kwa uzito. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuiweka atomi moja juu ya mizani, lakini uzito wa atomi za namna moja uliweza kulinganishwa na uzito wa atomi za namna nyingine kwa kuangalia jinsi zilivyoungana. Haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, ikawekwa kuwa 1, na nyingine zikapimwa kwayo. Wanakemia wa karne ile walitumia miaka na macho yao katika kazi ya kusahihisha vipimo hivyo.

Mwaka wa 1869 Dmitri Mendeleev, profesa wa Petersburg katika Urusi, alizipanga elementi 63 zilizojulikana wakati ule kufuata uzito wa atomi zake. Akaona ya kuwa tabia za elementi hurudia kwa zamu: kila baada ya hatua kadhaa hutokea elementi ifananayo na ile iliyotangulia, kama siku za juma zinavyorudi. Palipokosekana elementi ya kufaa, Mendeleev hakulazimisha. Aliacha nafasi tupu na kutabiri tabia za elementi ambayo ingepatikana. Utabiri wake ulisadiki. Gali ilipatikana mwaka wa 1875, skandi mwaka wa 1879, na jerimani mwaka wa 1886, kila moja ikiwa na tabia zilizokaribiana sana na zile alizozieleza. Jedwali lake likapata heshima kuu miongoni mwa wataalamu.

Hata hivyo mizani ilikuwa na ukaidi wake. Teluri ina uzito wa 127.6, na iodini 126.9, kwa sheria ya uzito iodini ilipasa kutangulia, lakini kwa tabia zake ni dhahiri kwamba iodini ni ndugu wa klorini na bromini, na teluri ni ndugu wa salfa. Mendeleev aliziweka kama tabia zilivyotaka, akadhani kwamba waliopima walikosea. Wakapima tena na tena, na jibu likawa lile lile. Kobalti na nikeli nazo zilitatiza kwa namna hiyo hiyo. Agoni ilipogunduliwa mwaka wa 1894 ikaonekana kuwa nzito kuliko potasi, ambayo bila shaka yoyote yapasa kuifuata. Tena palikuwa na kundi la elementi zifananazo mno, zile zinazoitwa ardhi adimu, ambazo kuzitenga kulihitaji maelfu ya marudio ya kuyeyusha na kugandisha. Hakuna aliyejua kundi hilo lina elementi ngapi. Mtu akitangaza kwamba amepata mpya, mwingine hakuwa na njia ya kumkubalia wala ya kumkanusha kwa yakini.

Wakati wanakemia wakihangaika na mizani, wanafizikia walikuwa wameanza kuifungua atomi yenyewe. Mwaka wa 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alionyesha kwamba ndani ya atomi mna chembe ndogo zenye chaji hasi, ambazo baadaye ziliitwa elektroni. Mwaka wa 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford katika Chuo Kikuu cha Manchester, walizipiga bati nyembamba za metali kwa chembe za alfa zitokazo katika vitu vya mnururisho. Nyingi zilipita moja kwa moja. Lakini chache, kadiri ya moja katika 8,000, zilirudi zilikotoka. Rutherford alifikiri juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka wa 1911 alitoa maelezo yake: karibu uzito wote wa atomi na chaji yake chanya yote vimekusanyika katika kiini kidogo kilichomo katikati, na elektroni zimekizunguka kwa mbali. Lau atomi ya dhahabu ingekuzwa mpaka ikaenea kiwanja chenye urefu wa mita 100, kiini chake kisingezidi punje ya mtama.

Maelezo hayo yalizaa swali. Ikiwa kila atomi ina kiini chenye chaji, chaji hiyo ni kiasi gani katika kila elementi? Rutherford aliweza kukadiria tu kwamba ni karibu nusu ya uzito wa atomi. Mtu aliyethubutu kusema zaidi hakuwa mwanafizikia kwa kazi yake, bali mwanasheria wa Uholanzi, Antonius van den Broek. Alitoa rai kwamba chaji ya kiini ni sawa na namba ya elementi katika mfuatano wa jedwali: haidrojeni 1, heli 2, lithi 3, na kuendelea hivyo. Rai hii ilikuwa nzuri, lakini rai si ushahidi. Ilihitaji mtu wa kuijaribu.

Henry Gwyn Jeffreys Moseley alizaliwa Weymouth, katika kusini mwa Uingereza, tarehe 23 Novemba 1887. Alitoka katika nyumba ya wataalamu. Baba yake alisafiri katika merikebu ya Challenger kuchunguza viumbe vya bahari, kisha akawa profesa wa Oxford, akafa Henry angali mtoto wa miaka mitatu. Baba wa mama yake alikuwa bingwa wa elimu ya kombe na konokono. Kijana alisoma Eton, kisha Oxford, na alipomaliza mwaka wa 1910 alikwenda Manchester kwa Rutherford. Hakuwa mtu mwepesi wa kuzoeleka. Alikuwa mkali katika maneno yake, hakuvumilia fikira zilizolegea, na alijulikana kwa kufanya kazi usiku kucha hata karibu na alfajiri.

Mwaka wa 1912 habari zilifika kutoka Ujerumani kwamba Max von Laue na wenzake wameonyesha ya kuwa mionzi ya eksirei ikipita katika fuwele hutawanyika kwa mpango maalumu. Kwa hiyo mionzi hiyo ni mawimbi. Moseley alitaka kuifuata habari hiyo mara moja. Rutherford alisita, kwa sababu katika maabara yake hapakuwa na mtu mwenye ujuzi wa eksirei. Moseley hakukata tamaa. Alikwenda Leeds kujifunza kwa William Bragg, ambaye pamoja na mwanawe Lawrence walikuwa wamegundua njia ya kupima urefu wa mawimbi hayo kwa kutumia fuwele. Akarudi Manchester, akashirikiana kwanza na Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin mashuhuri, kisha akaendelea peke yake.

Ilikwisha julikana, kwa kazi ya Charles Barkla, kwamba elementi ikipigwa kwa nguvu za kutosha hutoa mionzi ya eksirei iliyo yake hasa, kama kila mtu alivyo na sauti yake. Moseley aliazimia kuzisikiliza sauti hizo moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Ndani ya neli ndefu ya kioo iliyotolewa hewa aliweka reli ndogo, na juu ya reli kigari kilichobeba vipande vya elementi mbalimbali. Kwa kuvuta uzi wa hariri aliweza kukileta kipande chochote mahali pa kupigwa na elektroni, bila kuifungua neli na kuanza upya kuitoa hewa. Mionzi iliyotoka ilianguka juu ya fuwele, ikaakisiwa kwa pembe iliyotegemea urefu wa mawimbi yake, ikaacha mistari katika kioo cha kupigia picha. Kifaa chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa. Uhodari ulikuwa katika kuchagua swali na katika kutokosea.

Makala ya kwanza yalitokea Desemba 1913. Moseley alikuwa amezichunguza elementi kumi, kuanzia kalisi mpaka zinki. Kila moja ilitoa mistari miwili iliyo wazi, na kadiri elementi ilivyokuwa mbele katika jedwali ndivyo mawimbi yalivyokuwa mafupi. Alipozipanga picha zake, moja chini ya nyingine, zilishuka kama vidato vya ngazi. Baina ya kalisi na titani palikuwa na kidato kilichorukwa, kwa sababu hakuwa na skandi. Pengo lake lilionekana kwa macho. Picha ya zinki ilitokana na kipande cha shaba iliyochanganywa na zinki, na mistari ya zote mbili ilikuwamo, kila mmoja mahali pake, kana kwamba mchanganyiko ule umeungama vitu vilivyomo ndani yake.

Maana ya ngazi hiyo yadhihirika katika hesabu. Ukichukua idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, kisha ukatafuta kipeuo chake cha pili, utaona kwamba kipeuo hicho huongezeka kwa kiasi kile kile toka elementi moja hata inayofuata. Uzito wa atomi hauendi hivyo. Mara huongezeka kwa moja, mara kwa mbili, mara kwa nne, na mahali pengine hurudi nyuma. Kwa hiyo katika atomi kuna kiasi fulani ambacho huongezeka kwa moja kamili katika kila hatua, wala hakuna nusu wala robo. Moseley aliamua kwamba kiasi hicho hakiwezi kuwa kitu kingine ila chaji ya kiini. Hesabu yake ilipatana pia na nadharia ambayo Niels Bohr wa Denmark alikuwa ameitoa mwaka ule ule wa 1913 juu ya mizunguko ya elektroni. Rai ya mwanasheria wa Uholanzi ikawa sheria ya fizikia.

Matatizo ya zamani yakatatuliwa kwa mara moja. Kobalti ni 27 na nikeli ni 28, japokuwa nikeli ni nyepesi kidogo. Mendeleev alikuwa amepanga sawa, na waliopima nao walikuwa wamepima sawa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba uzito ndio msingi wa mpango. Sababu ya tofauti hiyo ilifahamika baadaye kidogo. Katika mwaka ule wa 1913 Frederick Soddy alieleza kwamba atomi za elementi moja zaweza kuwa na uzito mbalimbali, akaziita isotopu. Na baada ya 1919 Francis Aston alizitenga na kuzipima. Potasi nyingi ina atomi za uzito wa 39, na agoni nyingi ina atomi za uzito wa 40. Kumbe wingi wa isotopu fulani ndio uliopindua mizani. Mwaka wa 1932 James Chadwick aligundua nyutroni, na mambo yakakamilika: protoni za kiini ndizo ziipazo elementi jina na tabia yake, na nyutroni huongeza uzito bila kubadili jina. Atomi yenye protoni 6 ni kaboni, iwe na nyutroni 6, 7 au 8. Ikipata protoni ya saba si kaboni tena, ni nitrojeni.

Mwishoni mwa 1913 Moseley alihamia Oxford, ambako alipewa nafasi ya kufanyia kazi katika maabara ya Profesa Townsend. Katika Aprili 1914 alitoa makala ya pili, yaliyofika mpaka dhahabu, ambayo namba yake ni 79. Sasa aliweza kusema jambo ambalo hapana mtu aliyeweza kulisema kabla yake: si kwamba huenda kuna elementi zilizokosekana, bali ni ngapi na ni zipi. Kutoka alumini hata dhahabu alionyesha nafasi tatu tupu, yaani 43, 61 na 75. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba 72 nayo ilikuwa bado. Katika mwaka huo Georges Urbain, bingwa wa ardhi adimu kutoka Ufaransa, alikwenda Oxford na vitu alivyovitenga kwa jasho la miaka mingi, pamoja na kile alichokiita selti, ambacho aliamini kuwa elementi mpya. Katika muda wa siku chache tu Moseley alimjibu: mlikuwa na elementi zilizokwisha julikana, wala hamkuwa na mpya. Urbain alipoteza elementi yake, lakini alikuwa mwungwana wa elimu. Aliisifu njia ile kwa moyo mweupe.

Wakati wa kiangazi cha 1914 Moseley na mama yake walisafiri kwenda Australia, kwenye mkutano wa chama cha Waingereza cha kuendeleza sayansi. Wakiwa huko vita vikatangazwa. Moseley alirudi upesi, akaomba kwa bidii kuingia katika kikosi cha wahandisi wa jeshi. Hakulazimishwa, sheria ya kuwalazimisha watu kuingia jeshini haikuwapo Uingereza mpaka 1916. Waliomjua walijaribu kumwelekeza kwenye kazi za maabara, hakukubali. Alifanywa afisa wa mawasiliano, akapelekwa Gallipoli, katika nchi ya Waturuki. Tarehe 10 Agosti 1915, alipokuwa akipeleka amri kwa simu, alipigwa risasi ya kichwa akafa pale pale. Katika usia alioandika akiwa vitani aliiachia Royal Society ya London vifaa vyake na mali yake, vitumike kwa utafiti.

Habari hizo ziliwafikia wenzake wakiwa wametawanyika. Geiger na Marsden, waliokaa pamoja katika giza la maabara wakihesabu vimulimuli vya chembe za alfa, walitumika vitani, kila mmoja katika jeshi la upande wake. Chadwick alikuwa amezuiliwa karibu na Berlin pamoja na raia wengine wa Kiingereza. Robert, mdogo wake Lawrence Bragg, aliuawa Gallipoli katika Septemba ya mwaka ule ule. Rutherford aliandika katika gazeti la Nature kwa uchungu, akilalamika kwamba kumtumia mtu kama Moseley katika kazi ambayo wengi wangeweza kuifanya ni ufujaji wa hazina ya taifa.

Lalamiko hilo lilisikiwa, na lastahili kupimwa kwa uangalifu. Kwa upande mmoja ni kweli tupu: mtu mmoja katika miezi michache alikuwa ameweka msingi ambao kemia yote hukaa juu yake hadi leo, na hakuna ajuaye angefanya nini katika miaka arobaini iliyobaki. Kwa upande mwingine, katika vilima vile vile walikufa maelfu ya vijana wa Kituruki, wa Kiingereza, wa Kihindi, wa Australia na wa New Zealand, ambao hawakuwa wamepata muda wa kuonyesha walichoweza. Jedwali la Moseley lilionyesha nafasi zilizo tupu na namba zake. Kwa watu waliopotea vitani hakuna jedwali la namna hiyo. Yeye mwenyewe alikataa kujiona kuwa tofauti nao, na uamuzi huo, hata ukihesabiwa kuwa kosa, haukuwa kosa la mtu mdogo.

Vita vya pili vilipozuka mwaka wa 1939 Uingereza iliwaandikisha wataalamu wake katika daftari maalumu, ili watumiwe kwa utaalamu wao. Somo la Gallipoli lilikuwa limefahamika. Lakini somo hilo lilikuwa na upande wa pili, na upande huo waonekana katika zile nafasi tupu. Elementi ya 72, hafni, ilipatikana Copenhagen mwaka wa 1923 na Dirk Coster na George de Hevesy, kwa njia ile ile ya eksirei. Ya 75, reni, ilipatikana Ujerumani mwaka wa 1925 na Walter Noddack, Ida Tacke na Otto Berg. Ya 43, tekineti, ilitambuliwa mwaka wa 1937 huko Palermo na Carlo Perrier na Emilio Segrè, katika kipande cha molibdeni kilichopigwa na mashine ya California. Ilibaki ya 61. Hii ilithibitishwa mwaka wa 1945 huko Oak Ridge, Marekani, katika masalio ya urani iliyopasuliwa, ndani ya ile kazi kubwa ya siri iliyozaa bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti mwaka huo. Wagunduzi wake, Jacob Marinsky, Lawrence Glendenin na Charles Coryell, hawakuitangaza mpaka 1947. Iliitwa promethi, kwa jina la Prometheus wa hadithi za Wayunani, aliyewaibia miungu moto akawapa wanadamu, naye akaadhibiwa.

Basi vita vya kwanza vilimchukua mtaalamu kutoka maabara vikamwua kama askari. Vya pili vilimwacha katika maabara, vikaigeuza maabara yenyewe kuwa uwanja wa vita. Ni vigumu kusema ni lipi katika hayo mawili Moseley angelichagua. Leo elementi zinazojulikana ni 118, na kila moja hupewa nafasi yake kwa kipimo alichokithibitisha yeye: idadi ya protoni zilizomo katika kiini. Mwanafunzi afunguaye jedwali la elementi hukuta namba hiyo juu ya kila jina, ndogo, kamili, isiyo na sehemu. Mara nyingi huipita upesi, akidhani kwamba ni namba ya kupangia tu, kama kurasa za kitabu. Yafaa ajue kwamba palikuwa na wakati ambapo namba hizo hazikuwa na maana zaidi ya hiyo, na kwamba aliyezipa maana alizisoma kutoka katika atomi zenyewe, kidato kwa kidato, kabla ya kuitwa na kazi nyingine.